Kwa Mwanahawa, kuhusu keki ya muhogo

Los Baños, Laguna

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, masomo yanakwenda, mvua ya huku haikatiki. Habari za nyumbani nitaziuliza mwishoni, maana nikianza na salamu sitafika ninapokwenda. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia. Unasema unga wa ngano umepanda mpaka maandazi hayana faida tena, na unafikiria kuacha kuoka uingie kwenye mitumba na Mama Chiku. Usiache. Soma hii kwanza.

Huku Ufilipino kuna keki ya muhogo isiyotiwa unga wa ngano hata chembe. Ni muhogo mbichi uliokwaruzwa, tui la nazi, mayai, sukari, siagi kidogo na maziwa mazito matamu ya kopo, basi. Mji huu sifa yake ni pai ya madafu, wenyewe wanaiita buko pie, na maduka yake yamejipanga barabarani. Humo humo utaikuta keki ya muhogo kwenye maboksi, watu wanawanunulia jamaa zao zawadi ya safari. Nyumbani huliwa saa kumi jioni, wakati wa merienda, yaani vitafunio vya jioni. Mama mwenye nyumba yetu, sote tunamwita Nanay, ndiye aliyenifundisha, na mimi nilipoionja nilikuwaza wewe kabla sijameza. Muhogo na nazi, Mwanahawa! Vitu gani tena vinapatikana Muheza kuliko hivyo?

Sasa jambo lililonifanya niandike badala ya kukutumia sauti, ili uwe nalo kwenye karatasi: ni muhogo gani utakaotumia. Nakujua, utakimbilia shamba la Mama Chiku kwa sababu ni bure. Muulize kwanza ni mtamu au mchungu. Ukiwa mchungu mwachie mwenyewe, hata akikupa gunia zima. Muhogo wote una sumu ya sianidi ndani yake, ila mtamu una kidogo na mchungu una nyingi, na kuoka peke yake hakutoshi kuuondolea huo mchungu sumu yake. Tena usinunue uliolala sokoni. Ung'olewe leo, ukwaruzwe leo. Ukikata ukaona madoa ya kahawia makavu kama kizibo, tupa kipande hicho. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioandikwa mara ya kwanza hapo jirani yenu, kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Huku darasani wakitaja Amani mimi nanyoosha shingo.

Menya mpaka utoe ganda la ndani la waridi, toa na ule uzi mgumu wa katikati, osha, kwaruza upande wa matundu madogo. Uache kidogo, halafu utie kwenye kitambaa cha kuchujia tui ukamue kwa nguvu. Usilione hili ni la kupoteza muda. Muhogo ukikwaruzwa ile sumu inaachia, nyingine inapaa hewani na nyingine inatoka na maji. Maji hayo yaache yatulie, yamwage taratibu, na wanga mweupe utakaobaki chini urudishe kwenye muhogo, ndio unaoifanya keki ishikane.

Vipimo: muhogo uliokamuliwa kilo moja, tui zito la kwanza vikombe viwili, kopo moja la yale maziwa, mayai matatu, sukari nusu kikombe, siagi iliyoyeyushwa vijiko viwili, chumvi kidogo. Changanya kwa mwiko, haitaki mashine. Nanay hutandika sinia kwa jani la mgomba alilolibabua motoni likalainika, na harufu yake inaingia mpaka kwenye keki. Moto nyuzi 180, kama saa moja, mpaka katikati pasitikisike. Hapo unamwagia juu tui zito kikombe kimoja, maziwa ya kopo nusu kikombe na viini viwili vya mayai vilivyopigwa pamoja, unarudisha mpaka juu pafanye madoa ya hudhurungi. Wengine hunyunyiza jibini. Mimi naipenda bila jibini, utamu wa nazi unasikika vizuri zaidi.

Wenyewe hutia pia makapuno, nazi ambayo ndani yake nyama ni nyingi, laini, inavutika. Mti hauoti kutoka kwenye nazi hiyo, kiini chake hufa kikiachwa humo. Aliyekuwa mwalimu wa chuo hiki ninachosoma, Emerita de Guzman, ndiye aliyepata njia miaka ya 1960 ya kukitoa kiini na kukikuza kwenye chupa maabara. Ningeweza kukuandikia kurasa juu ya mama huyu. Wewe tumia nyama ya dafu lililoanza kukomaa, ikate nyembamba nyembamba, itafaa sana.

Na usiikate ya moto! Ipoe kabisa, hata ilale, ndiyo inakatika vipande vya kuuza.

Kama oveni bado mbovu, pika moto juu moto chini kama mkate wa kumimina. Bibingka, keki yao ya mchele, ile ya alfajiri za kuelekea Krismasi, waliioka hivyo hivyo, makaa chini na makaa juu. Muhogo wenyewe waliletewa na Wahispania kutoka Amerika, kwa zile merikebu za Acapulco na Manila zilizokwenda na kurudi tangu 1565 mpaka 1815. Sisi tuliletewa na Wareno. Kwa hiyo usiogope mtu akikuambia ni chakula cha kigeni.

Narudia, nisamehe: mchungu hapana. Utawauzia watoto wa shule, na mtoto mwili wake mdogo, sumu humwahi.

Sasa niambie. Shamba la Mama Chiku ni muhogo gani? Nazi Muheza siku hizi shilingi ngapi? Yule fundi alirudi kutazama oveni? Harusi ya Zuhura imesogezwa tena, au ni maneno ya Saumu tu? Na bibi, mguu unaendeleaje, anatoka nje? Mbona hukunitajia habari zake hata kidogo? Nipigie hata usiku, ila kumbuka tumewatangulia saa tano.

Wako akupendaye,
Mwanaisha