Mdundo uwe mmoja, vyuma viwe tofauti

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako tuzungumze na viongozi wa vikundi vya jogingi hapa Tanga, hasa vile vinavyotaka kuongeza mazoezi ya pamoja ya vyuma asubuhi. Tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aimarishe misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka. Mtu anaweza kukimbia hadi Raskazone kila siku na sehemu hiyo ya misuli ikabaki haijaguswa.

Tatizo ni uzito mmoja kwa wote. Kijana anayebeba magunia sokoni Mgandini na mama wa miaka 55 aliyejiunga juzi wanakabidhiwa chuma kilekile cha kilo 20. Kundi linahesabu kwa sauti, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutua mzigo. Mapaja yakishachoka, kiuno ndicho kinachobeba, na hapo watu huumia. Madarasa ya nondo (chuma kirefu chenye uzito kila ncha) na muziki yaliyoanzia Auckland, New Zealand, kwenye jimu ya familia ya Mills, hayakujengwa hivyo. Kila mtu ana nondo yake, na kati ya wimbo na wimbo anaongeza au anapunguza mwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Chukua chuma, fanya marudio 12. Ukimaliza ukahisi ungeweza kuongeza mawili au matatu bila mgongo kupinda, hicho ni chako. Ukiyumba kwenye la tisa, punguza. Na kila mtu awe na vyuma viwili, kwa sababu kinachotosha mapaja kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ni kizito mno kwa mabega. Mgeni afanye mara mbili za mwanzo kwa mpini wa ufagio tu, mpaka ajue kusukuma makalio nyuma na kukanyaga kwa unyayo mzima.

Vyuma vya dukani ni ghali, lakini mji wenye saruji yake pale Pongwe hauwezi kukwama kwa hilo. Kopo la rangi la lita 4 likijaa zege hufika karibu kilo 9 na nusu. Mawili, moja kila ncha, pamoja na bomba la chuma la inchi moja lenye urefu wa mita moja na nusu yanapita kilo 22, na huo si uzito wa kuanzia. Makopo ya lita moja kwenye bomba hilohilo yanatoa karibu kilo 8, na hayo ndiyo yawe mengi. Changanya saruji kopo moja, mchanga mawili, kokoto ndogo matatu, maji kidogo. Kabla ya kumimina, fundi achomelee vipande viwili vya nondo za ujenzi kwa mkingamo kwenye kila ncha ya bomba. Wengi huruka hatua hii, kisha zege linazunguka lenyewe na siku moja linachomoka juu ya kichwa cha mtu. Gonga kopo pembeni hewa itoke, funika kwa gunia bichi siku saba. Mwisho pima kila upande kwa mizani ya muuza nafaka na uandike kilo kwa rangi. Upande mmoja ukizidi hata kwa kilo moja, bega moja litafanya kazi ya mawili. Upepo wetu wa chumvi unakula chuma haraka, kwa hiyo bomba lipakwe rangi, isipokuwa pale mikono inaposhika.

Kuhusu muziki: singeli inafaa kuamshia watu, haifai kunyanyulia. Inakwenda mbio mno, na mtu akiifuata anaacha chuma kianguke badala ya kukishusha. Tafuta mdundo unaoruhusu sekunde mbili kushuka na mbili kupanda. Taarabu ya taratibu inatosha kabisa.

Anzeni saa 12 asubuhi, jua halijawa kali, kwenye ardhi ngumu. Mchanga wa ufukweni unazama chini ya mguu mmoja kuliko mwingine, hivyo hapo fanyeni pushapu tu. Kati ya mtu na mtu pawe na mita mbili. Jogingi kabla ya vyuma isizidi dakika kumi za taratibu. Mbio ndefu ziwe siku nyingine, maana miguu iliyochoka haishuki sawasawa. Siku za vyuma zipishane, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Wiki mbili za kwanza mgeni afanye seti moja, yaani mzunguko mmoja wa marudio, ya kila zoezi, basi.

Wenye shinikizo la damu wapime na wazungumze na daktari kwanza, na wasibane pumzi kamwe: toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Wenye kisukari wanaotumia dawa waje na kitu cha sukari mfukoni. Kina mama wanaopenda dera wavae suruali ya mazoezi na fulana ndefu, kwa sababu dera linamzuia mwalimu kuona magoti yanavyoingia ndani, na linanasa kwenye bomba.

Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida. Na lipo moja ambalo kila kiongozi alitangaze kabla ya kuanza: mgeni aliyelazimishwa kwenda sawa na wenzake, kisha akaona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo. Misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Asingoje kesho, na asitumie dawa za kutuliza maumivu za dukani.

Walimu wa mazoezi ya viungo,
Tanga