Rehema, siri yako imenilemea

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwanza. Huku hatujambo, mtoto kapona mafua, umeme umekatika na naandika kwa tochi ya simu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usinicheke. Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa Shabani, ikiwa imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta. Nimechelewa kuijibu makusudi. Nilikuwa sijui niseme nini.

Unaniambia uvimbe unatolewa tarehe 18, na Mama asijue, moyo wake hauwezi. Sawa. Jana nimepita kwake. Kanikaribisha chai na mihogo, hata sijakaa vizuri akaniuliza, "Rehema hajambo?" Nikasema hajambo. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa kile kitabu chako cha Dracula. Nimekimaliza, pamoja na Kizungu chake cha 1897 kilichonitoa jasho. Nilijiandaa kuogopa meno. Wala! Dracula mwenyewe marehemu bibi angemwita mumiani, akafunga komeo, akalala. Aliyeninyima usingizi mimi ni mama yake Lucy, yule binti anayenyonywa damu.

Unamkumbuka Bi Westenra? Kule Whitby, mji wa pwani Uingereza, anamnong'oneza Mina, rafiki wa Lucy, kwamba daktari kampa miezi michache tu, moyo umechoka, na Lucy asiambiwe. Mina anakaa nayo. Haupiti muda Lucy naye anaanza kupauka, damu inapungua usiku kwa usiku, na safari hii madaktari ndio wanaosema mama asiambiwe, mshtuko utamuua. Nyumba moja, huyu anamficha yule na yule anafichwa ya huyu, na wote wanapendana!

Daktari Van Helsing anaagiza maua ya kitunguu saumu mpaka Haarlem, Uholanzi, yamzuie mumiani, anayasugua madirishani, anamvisha Lucy shada shingoni. Usiku mama anaingia kumchungulia mwanawe, anakuta chumba kinanuka, anayaondoa maua yote na kufungua dirisha kidogo mtoto apate hewa. Asubuhi anawasimulia madaktari huku anachekelea, anataka sifa. Van Helsing anajikaza mpaka mama aondoke, kisha anamvuta daktari mwenzake Seward hadi chumba cha kulia na kuangua kilio. Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Lawama unampa nani? Harufu ile hata mimi ningeitupa nje.

Na bado hawakumwambia! Usiku mbwamwitu alipovunja dirisha, mama wa watu kwa hofu kalivuta shada jingine la maua yale yale kutoka shingoni mwa Lucy, akafa hapo hapo kitandani. Lucy hakumaliza wiki. Tena usiku huo Seward alitakiwa awepo kulinda, ila simu ya maandishi ya Van Helsing ilipelekwa mji usio wake ikachelewa saa 22. Afadhali Shabani wetu na mafuta yake.

Wewe nimeona ulipotia mstari kwa penseli: pale Budapest, Jonathan, mchumba wa Mina, yuko hospitali, anampa Mina daftari lake na kumwambia asome akitaka, ila yeye asimweleze. Mina analifunga kwa karatasi nyeupe na utepe wa buluu uliokuwa shingoni mwake, anapiga lakiri kwa pete ya ndoa. Pembeni umeandika "Hii ndiyo imani." Nimekubali, inapendeza. Lakini Rehema, ulisoma ukaishia hapo? Mina alikuja kulifungua! Jonathan alimwona Dracula mchana kweupe pale Piccadilly, London, akazidiwa, na Mina akaona utepe umetosha. Akasoma, akapiga chapa hatimkato ya mumewe yote, akampa Van Helsing. Na kilichomponya Jonathan si dawa, ni kuambiwa kwamba aliyoyaona ni kweli. Alikuwa hajiamini hata macho yake.

Halafu wanaume wale wale, baada ya mwanamke kuwapangia makaratasi yote kwa tarehe, wakakaa kikao wakaamua asiambiwe tena, asije akaogopa. Wao wakaenda Carfax, nyumba ya Dracula, na taa zao, mumiani akaja kwa Mina. Nilicheka kwa hasira. Ungemsikia mjomba wako Idi akisema "mambo haya tuachieni sisi."

Najua utakalonijibu: mwishoni Mina mwenyewe aliomba asiambiwe mipango. Ndiyo. Aliomba yeye, kwa mdomo wake, kwa kuwa alijua Dracula anaweza kumsoma kichwani. Wewe Mama alikuomba lini?

Sasa niseme, au… Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta. Mama naye ana la kwake, Rehema. Kanishikisha mkono pale jikoni kaniambia, "Huyu mwanangu ana mambo mengi, usimwambie." Zaidi ya hapo sisemi, nimeahidi. Hata haya niliyosema nimeshavunja nusu. Nimekuwa Mina wa Whitby, nakunywa chai ya huyu, nasoma barua ya yule, kote naitikia "hajambo".

Simu yako mbona haipatikani mchana? Tarehe 17 nani analala na wewe, Zuhura au ndiyo unajifanya jabali? Watoto wanabaki na nani? Daktari kasema siku ngapi? Ukimpigia Mama wewe mwenyewe, hata dakika tano, utapungukiwa na nini? Na ukimsikia sauti yake, utamuuliza na yeye hali yake, umuulize vizuri, si ile ya salamu? Mimi napanda basi tarehe 16, ukitaka usitake. Nikuletee nini, zaidi ya dagaa?

Wako,
Tatu

Nimesahau: Mama kakiona kitabu kwenye mkoba, kauliza ni cha nini. Nikamwambia ni hadithi ya mumiani wa Ulaya. Sasa anataka nimsimulie Jumamosi, chote, kuanzia mwanzo. Nikifika kwa Bi Westenra sijui nitapita wapi.