Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Maonesho na Shughuli za Utamaduni katika Maktaba ya Chuo, Dodoma

Ndugu wanachama, mbukwenyi!

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti atoe taarifa kila mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Mahesabu yatasomwa na Mhazini baada yangu, na Katibu amekwisha kugawa kumbukumbu za mkutano uliopita, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nitazungumzia kazi iliyotukutanisha, yaani maonesho na shughuli za utamaduni ndani ya maktaba ya chuo.

Niuseme mapema msimamo wa Kamati Tendaji, ili anayetaka kuupinga ajiandae. Maonesho ambayo wenye vitu hawawezi kuingia kuyaona ni mapambo tu. Ndiyo maana mwaka huu tuliandaa machache kuliko tulivyozoea, tukayaacha yakae muda mrefu, na nguvu nyingi tukazielekeza kuwaleta watu wa nje ya chuo. Baadhi yenu mlinilalamikia kwamba ukumbi wa chini ulikaa na kitu kilekile miezi mingi. Tulikusudia. Mwanafunzi anapita pale kila siku, lakini mkulima wa Handali anahitaji kusikia habari, kuuliza, kumaliza palizi, ndipo aje.

Tulianza na Mathias Mnyampala. Wengi wetu tulikariri ngonjera shule ya msingi, tumesimama mistari miwili mbele ya wazazi, upande huu unabisha na upande ule unajibu mpaka mbishi akubali. Wachache walijua kwamba aliyezipa ngonjera umbo lile ni mtu wa hapahapa, mzaliwa wa Ihumwa, jirani kabisa na ulipo leo Mji wa Serikali wa Mtumba. Alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, ambalo ngonjera zilitumika sana kulifikisha mashuleni na vijijini.

Katika kabati la kwanza la kioo tuliweka kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kikiwa kimefunguliwa kwenye kurasa za koo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wasomaji wa kawaida walisoma wakapita. Wazee walisoma wakasimama. Mmoja alivaa miwani, akavua, akavaa tena, kisha akamwambia mkutubi aliyekuwa zamu kwamba ukoo wake haukutoka kule ulikoandikwa. Mkutubi, binti mwenye busara kuliko umri wake, hakubishana. Alimpa kadi tupu na penseli akamwomba aandike anavyojua yeye. Kadi ile aliibandika kando ya kabati. Wiki iliyofuata zilikuwapo nyingine, baadhi zikibishana zenyewe kwa zenyewe, na moja imeandikwa kwa Cigogo pande zote mbili mpaka pembeni.

Kamati imeagiza kadi hizo zisitupwe. Zimepangwa kwenye bahasha, kila moja na tarehe yake, na zimekabidhiwa chumba cha nyaraka pamoja na jina la kijiji cha aliyeandika, kama alikubali kulitaja. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mavuno makubwa ya mwaka huu, kuliko picha zote tulizopiga na viongozi.

Ukuta wa nyuma tuliutumia kueleza Mtunya, ile njaa ya kuanzia 1917 iliyoikumba Ugogo. Kijana wa leo akisikia njaa anafikiri ukame peke yake. Mvua kweli zilikata, lakini kabla ya hapo majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani kisha Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka na ng'ombe, na vijana wenye nguvu walikuwa wamekokotwa kwenda kubeba mizigo. Ghala tupu, zizi tupu, na wa kulima hayupo. Mnyampala alizaliwa mwaka huohuo. Tuliviweka pamoja makusudi, na walimu wa sekondari wametuomba nakala za mabango hayo.

Onesho la pili lilihusu ngoma. Tuliazima seti ya ngoma za muheme, izeze (zeze la Wagogo) na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) kutoka kwa kikundi cha akina mama wa upande wa Mvumi. Fundi wetu alitengeneza stendi nzuri ya mninga, ngoma zikasimama juu yake kama vikombe vya ligi. Siku akina mama walipokuja, bibi aliyewaongoza aliizunguka ile stendi kimya. Kisha akaomba ngoma moja iteremshwe. Akakaza kitenge kiunoni, akaibana katikati ya mapaja, akaigonga mara chache kwa viganja, na wenzake wakapokea kwa sauti, kila mmoja na njia yake. Wanafunzi waliokuwa ghorofa ya juu wakijiandaa na mitihani walitoka kulalamika kuhusu kelele, wakabaki kwenye ngazi. Stendi sasa inatumika kuwekea magazeti. Ngoma tulizilaza kwenye mkeka, na pembeni tukaweka picha za mikono ya wapigaji.

Hapo tumejifunza jambo la kiutendaji. Wageni wengi wanaijua ilimba kwa sababu ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyeipeleka sauti ya Ugogo dunia nzima hadi alipofariki mwaka 2003. Heshima yake iko palepale. Lakini muheme ni ngoma ya wanawake, na maelezo yake hatukuyapata kwenye vitabu vya maktaba kwa kiwango cha kuridhisha. Tuliyapata kwa kuwarekodi akina mama wenyewe. Rekodi hizo ni mali yao. Maktaba inazo kwa makubaliano ya maandishi, na haziwekwi mtandaoni bila wao kuridhia. Kuna aliyeniuliza kwenye kikao kwa nini tunajibana hivyo. Jibu langu ni kwamba wamewahi kurekodiwa na watu waliopita wakaenda zao, na safari hii walikuwa na maswali kabla hatujafungua mashine.

Kondoa Irangi nitaieleza kwa ufupi, ingawa iliwavuta wengi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na eneo lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 2,300. Sisi tulionesha picha tu, kwa kuwa mwamba hauhamishiki na haufai kuguswa. Bango lililosomwa zaidi halikuhusu uzuri wa michoro, lilihusu inavyoharibika: watu wanaomwagia maji ili rangi ing'ae wapige picha, na wale wanaochimba chini ya mapango wakitafuta dhahabu wanayoamini Wajerumani waliificha. Baadhi ya mapango, hasa Mungomi wa Kolo, bado ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua. Kamati iliamua picha za matambiko zisiwekwe hata moja. Wanachama wawili hawakukubaliana nasi, na mjadala uko wazi leo.

Kongwa ilipata meza moja tu. Upande mmoja tuliweka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na kelele nyingi, ukaachwa 1951 baada ya udongo kukauka kama saruji na mvua kukataa. Upande wa pili, kambi za wapigania uhuru kuanzia 1964, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Wanafunzi wengi walidhani Kongwa ni ranchi na mnada wa ng'ombe tu. Meza haikutosha. Mada hii inastahili ukumbi mzima, na nashauri iwe hivyo mara tutakapopata msaidizi wa kutafuta picha.

Sasa matatizo. La kwanza ni geti. Maktaba ya chuo ina utaratibu wake wa vitambulisho, na tunauheshimu, lakini mzee wa miaka themanini aliyekuja na bajaji kutoka Veyula hana kitambulisho cha mwanafunzi wala hatakuwa nacho. Barua yetu ya kwanza ya kuomba utaratibu wa wageni ilikaa kwenye ofisi moja hadi onesho la kwanza likakaribia kufungwa. Ya pili tuliipeleka kwa mkono tukasubiri palepale kwenye benchi. Sasa Jumamosi mgeni anaandika jina kwenye daftari mapokezi na kuingia ukumbi wa chini bila maswali mengine. Walinzi wamekuwa wema sana, na mmoja wao ndiye anayewaelekeza wazee vyoo vilipo.

La pili ni mgeni rasmi. Uzinduzi wa onesho la ngoma ulipangwa asubuhi ukaanza alasiri, kwa sababu ambazo kila Mtanzania anazijua. Akina mama walikaa juani na ngoma zao, tena wakiwa wamevaa njuga miguuni. Kamati inapendekeza kuanzia sasa maonesho yafunguliwe saa iliyotangazwa, na anayefika baadaye akaribishwe kuangalia kama wengine. Pendekezo hili litapigiwa kura. Najua litawaudhi baadhi yenu.

La tatu ni vumbi na mchwa. Upepo wa Julai na Agosti huingiza vumbi hata kwenye kabati lililofungwa, na vumbi likikaa kwenye karatasi kuukuu halitoki bila kukwaruza. Tumeziba mianya kwa vipande vya flaneli na tunafuta nje kila asubuhi kabla ya kufungua. Mabango ya mbao yameondolewa ukutani baada ya mchwa kuonekana nyuma ya mojawapo. Vitabu vya asili havikai wazi tena kwa msimu mzima, kwa kuwa mwanga hufubaza wino. Tunaweka nakala, na chenyewe kinarudi ndani. Mtu akitaka kukiona anaomba, anapewa meza na mkutubi anakaa naye.

Mwaka ujao tunakusudia kuonesha Dodoma ilivyokuwa kabla na baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Ramani za CDA, iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tunaweza kuzipata. Tunachokosa ni maisha ya watu chini ya ramani hizo: nyumba za tembe zilizokuwapo Makulu na Nkuhungu, stakabadhi za viwanja, barua za fidia, picha za harusi ambazo nyuma yake inaonekana mitaa isiyokuwapo tena. Vitu hivyo viko kwenye masanduku yenu na ya wazazi wenu. CDA yenyewe ilivunjwa 2017, na waliofanya kazi pale siku za mwanzo wanazidi kupungua, kwa hiyo tusingoje.

Mwenye kitu akilete kwa Katibu Jumamosi yoyote. Tutakipiga picha akiwa amekaa hapohapo na aondoke nacho. Nyuma ya picha msiandike kwa kalamu ya wino, inapenya hadi mbele. Andikeni kwa penseli laini, taratibu bila kukandamiza, majina ya waliopo kuanzia kushoto, mahali, na mwaka hata kama ni wa kukisia. Na msizibandike gundi kwenye albamu kabla hatujaziona.

Naomba kuwasilisha.