Asante wewe uliyeimba wodini usiku ule

Silijui jina lako, na gizani sikuiona vizuri sura yako. Ulikuwa ukimuuguza mgonjwa wako kitanda cha pili, nami nimekaa kando ya mama, machozi yamenikauka. Ukaanza kwa sauti ya chini, "Ni Salama Rohoni Mwangu". Nikajikuta naitikia sauti ya pili, ile aliyonifundisha mama mwenyewe. Baadaye ukaninong'oneza kwamba Horatio Spafford aliyatunga maneno yale baada ya mabinti zake wanne kufa maji mwaka 1873. Kufiwa hivyo, na bado akaandika wimbo! Usiku ule nilisali, baada ya miezi mingi ya kushindwa. Na mama, macho yamefumbwa, alikuwa akichezesha vidole kuufuata wimbo. Mungu akubariki, ndugu yangu, popote ulipo.