Ile Mashine Usiiuze Kwanza

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Hapa Tanga hatujambo sote. Mama yako anakusalimu sana, na kikohozi chake kimeisha, alhamdulillahi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wenzako huko Columbus, Marekani, wanakwambia Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, imekwisha, kizazi kijacho cha mashine haitakuwepo, kwa hiyo uiuze Xbox Series X yako mapema ungali unapata bei. Umefanya vizuri kuniuliza kabla ya kuuza. Haya mambo nimeyapenda tangu hujazaliwa.

Mimi nimeishuhudia Sega, kampuni ya Kijapani ya gemu, ikiacha kazi ya kutengeneza mashine. Nilikuwa Muscat, nauza katika duka la vifaa vya umeme kule mtaa wa Ruwi. Dreamcast yao ilikuwa mashine nzuri sana. Ilitoka Japani mwaka 1998, ikafika Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199. Tarehe 31 Januari 2001 Sega wakatangaza kwamba hawataitengeneza tena, watabaki na gemu tu, zichezwe kwenye mashine za wengine. Watu walisema PlayStation 2 ya Sony ndiyo iliyoiua. Mimi naona mauti yake yalianza Mei 1995, Sega walipoitoa Saturn, mashine yao ya kabla ya Dreamcast, huko Marekani ghafla, miezi kama minne kabla ya siku waliyoahidi, kwa dola 399. Maduka mengine hayakupata mzigo, na watengenezaji gemu hawakuwa tayari. Siku hiyohiyo Sony wakataja bei ya PlayStation: dola 299. Dreamcast ilipokuja, watu walikuwa wameshahama.

Ndiyo maana nikiifikiria Xbox narudi mwaka 2013. Xbox 360 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 75, ikikabana koo na PlayStation 3. Halafu ikaja Xbox One na masharti: lazima iguse intaneti kila saa 24, na diski uliyokwisha kuitumia usiweze kumpa mwenzako hivihivi. Watu waliwaka. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft wakayafuta masharti yale, lakini Novemba mashine ikaingia sokoni pamoja na kamera ya Kinect kwa dola 499, na PlayStation 4 ikiuzwa 399.

Hapa, mwanangu, ndipo penye kiini. Kizazi kile ndicho watu walipozoea kununua gemu kwa intaneti. Diski, ukitaka kuhama, unaiuza na fedha unanunulia nyingine. Gemu ya intaneti imekaa kwenye akaunti yako, huwezi kuiuza wala kuihamishia kwa jirani. Aliyeanza kujaza kabati lake PlayStation mwaka 2014, leo umwambie nini aje Xbox? Ataacha vyombo vyote nyuma. Phil Spencer mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Xbox, alikiri mwaka 2023 kwamba walishindwa kwenye kizazi kibaya kuliko vyote kushindwa, na naamini alisema kweli.

Yaliyofuata unayajua. Microsoft wakainunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, wakamaliza Oktoba 2023. Mei 2024 wakaifunga studio ya Tango Gameworks, iliyotoka kutoa Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa kila mahali, lile liliniuma. Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, ada yao ya kucheza gemu nyingi kwa mwezi, ikapanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Mwezi huohuo wakatangaza kwamba Halo, gemu iliyoipa Xbox jina na isiyowahi kufika PlayStation, inakwenda PlayStation 5. Halo, Salim! Habari ile niliisoma, nikaiweka simu chini, nikakaa kimya.

Wenzako wanaona Sega nyingine. Mimi naona tofauti moja, nayo hainipi raha. Sega waliishiwa, hadi mwenyekiti wao, Isao Okawa, akatoa mali yake mwenyewe kuwaokoa. Microsoft hawajaishiwa na kitu. Sega walifunga kwa kukosa uwezo. Hawa wanaweza kufunga siku wakiona hawaihitaji. Mwenye duka moja hulipigania mpaka mwisho. Mwenye maduka kumi hupiga hesabu tu.

Hata hivyo, sidhani watafunga sasa. Juni 2025 walitangaza mkataba wa miaka kadhaa na AMD, watengenezaji wa chipu, wa kuunda mashine zijazo, wakaahidi mambo mawili: gemu ulizonazo zitachezeka humo, na hutafungwa kwenye duka moja. Natarajia kitu kinachokaribia kompyuta, ghali, kitakachouzwa kwa watu wachache. PlayStation hakitaishinda. Lakini kwa mtu kama wewe, mwenye gemu za tangu utotoni kwenye akaunti moja, ahadi ile ya kwanza ni kubwa kuliko nguvu yoyote ya mashine. Wakiitimiza, una sababu ya kubaki. Wakiivunja, hata mimi nitakwambia uuze.

Na ninaitakia uzima, nisikufiche. Sony akibaki peke yake kwenye mashine kubwa za sebuleni, bei itapangwa na nani?

Kwa hiyo usiiuze kwanza, na wala usikimbilie kuweka oda ya mpya, subiri uone. Ukija Disemba, njoo nayo. Diski ya Halo 3 tuliyokuwa tukicheza Ruwi ukiwa na miaka saba bado ninayo kabatini, nimeifunga kwa kitambaa, haina mkwaruzo. Series X inaikubali, ila gemu yenyewe huishusha kwa intaneti. Intaneti ya hapa nyumbani sasa ni nzuri, itaishusha usiku mmoja. Pedi uje nazo mbili.

Baba yako