Pole na samahani: barua kwa wazazi vijana wa ploti za Eastlands

Wanangu wa Umoja, Kayole, Donholm, Pipeline na kote hapa mashariki mwa Nairobi mnakolea watoto kwenye ghorofa zisizo na uwanja,

Habari za kazi, na za watoto. Kuna neno moja linalosikika kwenye ngazi za ploti zetu kutwa nzima. Mtoto akimkanyaga mwenzake, anasema "sori". Mwenzake akijikwaa mwenyewe, "sori". Jirani akifiwa, ni "sori" hiyo hiyo. Kiswahili kilitupa maneno mawili, na kila moja lina kazi yake. Pole ni ya kumfariji aliyeumia, aliyechoka au aliyepatwa na msiba, hata kama wewe huna kosa. Samahani ni ya aliyekosa. Mtoto asiyejua tofauti hii anaona mwenziwe akilia na kujitetea haraka: "Si mimi!" Hajaulizwa nani alifanya. Alichotakiwa ni kumwona mwenziwe.

Basi tuanze na pole. Kosa la kawaida ni kumshika mtoto bega na kumwamuru, "Sema pole!" Atalisema ili umwachilie, na kesho atalitumia kama ufunguo wa kufungulia mlango. Badala yake, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwonyeshe: "Tazama goti lake. Linatoka damu. Tumletee nini?" Kisha mpe kazi ya mikono: kitambaa safi kilicholoweshwa maji, kikombe cha maji ya kunywa, kiatu kilichorukia chini ya ngazi. Mtoto wa miaka 3 ataleta kitu kisichofaa, pengine mwanasesere wake mwenyewe. Mpokee. Kwake hicho ndicho kinachotuliza, na amekitoa. Akifika miaka 6 au 7 utamsikia akisema pole bila kuambiwa, tayari ameshika kitambaa.

Samahani ni ngumu zaidi, maana lazima aisikie kwako kwanza. Umetoka kazini, umekaa kwenye jamu ya Jogoo Road au Outer Ring, umepanda ngazi mpaka ghorofa ya 4, na unakuta uji umemwagikia sare ya shule. Unafoka kupita kiasi. Hilo hutokea kwa kila mzazi. Kinachomjenga mtoto ni kinachofuata, na kifuate usiku huo huo kabla hajalala. Taja ulichofanya kwa jina lake: "Nimekufokea, na nimekuita mjinga." Sema, "Samahani." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe", kwa sababu neno hilo moja linafuta yote yaliyotangulia na kumfundisha kwamba samahani ni njia nyingine ya kulaumu. Suala la uji lina wakati wake: mpe kitambaa, muufute pamoja. Na mkitaka kupunguza siku kama hizo, simameni nje ya mlango dakika 2 kabla ya kuingia, mvute pumzi, simu iingie mfukoni. Dakika 10 za kwanza ndani ya nyumba ziwe za mtoto. Sufuria itasubiri.

Sasa nije kwenye sahani ya jirani, jambo ninalolipenda kuliko yote, na linaloharibika kwa urahisi.

Ukipika chapati, kilo moja ya unga hukupa kama 10 hivi. Toa 2 mapema, zikiwa moto, kabla ninyi hamjala. Makombo usimtume nayo mtoto: anajua tofauti, na jirani pia anajua. Weka kwenye bakuli lenye kifuniko, na kama ni githeri yenye mchuzi, iache ipoe kwanza, kwa sababu bakuli la mtoto liko usawa wa kifua chake na akijikwaa kwenye ngazi ataungua. Mfundishe kubisha hodi, kurudi nyuma hatua moja, na kutochungulia ndani mlango ukifunguliwa. Maneno yawe machache: "Mama amesema mwonje."

Kuna kipengele ambacho wengi husahau. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, na ni desturi nzuri kwa wenye kitu. Kwa jirani aliyeachishwa kazi mwezi uliopita, sahani yako iliyobaki mezani kwake ni deni linalomtazama. Kwa hiyo mwambie mtoto asubiri pale mlangoni, chakula kihamishiwe kwenye chombo cha mwenyewe, bakuli lirudi papo hapo. Ni jambo la dakika moja, na heshima ya jirani inabaki mahali pake. Baada ya hapo midomo ifungwe: mtoto asiende kuwaambia wenziwe "sisi tuliwapa chakula", na wewe usiweke picha kwenye WhatsApp. Mtoto akiitoa siri hiyo akiwa kwenye mchezo, aliyepewa atatukanwa nayo kwa miaka.

Usimlipe mtoto kwa wema. Shilingi 10 ya peremende kila anapomsaidia shosho, yaani bibi, kubeba mfuko itageuza msaada kuwa kibarua, na siku ukikosa shilingi utakosa na msaada. Mwaka 2008 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, kule Ujerumani, walichunguza watoto wa miezi 20: waliopewa zawadi kwa kusaidia walipunguza kusaidia baadaye, kuliko ambao hawakupewa chochote. Kumwita "mtoto mzuri" kila mara nako hakumfundishi mengi. Mwambie ulichoona: "Umemshikia mlango, ameingia bila kumwaga maji." Hapo anajua hasa alichofanya na kwa nini kilifaa.

Kuhusu maji, siku za mgao zinajulikana kwenye kila ploti. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, karibu sawa na mtoto wa darasa la 2 mwenyewe, kwa hiyo asibebeshwe hata kwa nia njema. Mpe wa lita 3 au 5, kifuniko kimekazwa, na kitambaa cha kufuta ngazi zikilowa, maana mama mjamzito anapita hapo hapo. Na kama una mitungi 7 kwenye foleni, mwenye mmoja apite mbele yako mtoto akiona.

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, anua na nguo za jirani asiyekuwepo. Wewe ndiye upande paa, mtoto abaki kwenye ngazi ameshika beseni. Kingo za paa nyingi ni fupi mno kwa mtoto. Nguo za ndani za mtu mzima ziviringe ndani ya shuka lake, vibanio vyake viwe juu, na beseni ulikabidhi mkononi mwake akirudi. Ukiliacha kwenye korido likapotea, wema wako utaleta ugomvi wa ploti nzima.

Pesa zikikuingilia kwa makosa kwenye M-Pesa, usizitoe, na usimtumie anayekupigia simu akilia, kwa maana matapeli nao hulia. Mwambie kwa upole apeleke ujumbe wake wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom, zirudishwe kupitia huko. Mtoto anasikiliza simu hiyo kuliko mnavyodhani.

Wema uwe na mpaka, tafadhali. Mtu mzima asiyejulikana akihitaji msaada humwomba mtu mzima mwenzake. Mtoto anayeombwa kumsindikiza mtu au kumtafutia kitu ndani ya nyumba aje kwanza kwenu. Asilazimishwe kumkumbatia mgeni ili aonekane ana adabu. Salamu inatosha, na kama shikamoo haijashika Nairobi kama ilivyoshika Pwani, "habari ya asubuhi" kwa soja wa geti na kwa mama mboga ni heshima kamili. Namba 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto. Iandikeni ukutani.

La mwisho ni dada wa kazi. Mtoto wenu anajifunza kwake namna ya kumtendea mtu asiye na uwezo wa kumkataza. Dada ale kutoka sufuria moja nanyi, saa moja nanyi. Mtoto ajue jina lake na kwao ni wapi, asimwite "anti" tu. Akiwa kitini asiagize "leta maji", anyanyuke. Kuanzia miaka 6 aoshe sahani yake mwenyewe na soksi zake jioni, dakika 5, karai dogo, sabuni ya kipande, azisugue kisigino kwa kisigino. Msimu wa mvua hazitakauka kwa usiku mmoja, kwa hiyo awe na jozi 3, ili asubuhi dada asiamshwe saa 10 kuzipigia pasi.

Shosho yenu,
Umoja, Nairobi