Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtu mzima anapodahiliwa chuo kikuu halafu akanyimwa mkopo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Tunakuandikia kuhusu watu wazima wanaorudi darasani: muuguzi wa zahanati, fundi sanifu, mwalimu wa cheti aliyekaa kazini miaka kumi. Njia za kuingia chuo kikuu wanazo, ila masharti yake hayasomani.

Tuanze na mkopo, maana ndiko wengi wanakokwamia. Mtihani wa kuingia kwa umri mkubwa, kama ulivyozoeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unamtaka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na awe amemaliza sekondari angalau miaka mitano nyuma. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inamtaka awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, asizidi miaka 35, na asiwe na ajira rasmi. Sharti la kwanza linamwambia akae nje miaka mitano. La pili linamwambia asizidi miaka hiyohiyo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Leo aliyefanya hivyo ndiye anayekosa mkopo.

Tunaomba miaka mitano ihesabiwe kuanzia sifa iliyomdahili mwombaji, iwe matokeo ya mtihani huo au cheti cha Foundation, yaani kozi ya Chuo Kikuu Huria ya kumwandaa mwombaji kuingia shahada. Na mwenye ajira asikataliwe. Huyo ndiye rahisi kuliko wote kumdai: makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanaweza kuanza akiwa bado anasoma.

Jambo la pili ni AVN, namba ya uhakiki wa stashahada. Mwenye stashahada hawezi kuomba shahada bila namba hiyo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na namba haitoki mpaka chuo alichosoma kiwe kimepandisha matokeo yake kwenye mfumo. Kwa wahitimu wa zamani mara nyingi hayapo. Mtu anagundua hilo dirisha la udahili likiwa limeshafunguliwa, anaanza kupiga simu chuoni, na akijibiwa awamu imeshapita. Vyuo vipewe tarehe ya mwisho ya kupandisha matokeo ya miaka yote, miezi kabla ya udahili kuanza. Kwa sasa tunamshauri kila mwombaji aanze kuifuatilia AVN mapema, asingoje tangazo.

Kuna pia hesabu ya pointi. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni pointi 4 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, lakini thamani ya daraja inategemea mwaka. Kwa aliyemaliza 2013, D ni pointi 2, hivyo D mbili zinatosha. Kwa aliyemaliza 2014 au 2015, ilipoongezwa B+, D ni pointi 1 na C ndiyo 2, kwa hiyo anahitaji C mbili. Kuanzia 2016 D imerudi kuwa 2. Watu wanatumia jedwali lisilo la mwaka wao, wanalipa ada za maombi na kukataliwa. Jedwali hilo libandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya elimu ya wilaya.

Foundation nayo ina mtego. GPA (wastani wa alama) ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na C katika masomo matatu ya mchepuo, havitoshi peke yake. Lazima mwombaji awe pia na pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye GPA ya 2.0, au cheti cha NTA (tuzo za ufundi) ngazi ya 5. Mwenye cheti cha kidato cha nne pekee aambiwe hivyo kabla hajatoa hata shilingi moja.

Marekebisho ya mkopo yanahitaji kuingia kwenye mwongozo wa Bodi kabla haujatangazwa. Tunaomba yaanzie hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Washauri wa waombaji watu wazima